Kama Ni Nzuri, Mbona Siijui?

"Kama ingekuwa nzuri hivyo, si tungeshaisikia?" Sentensi hii naipata kila nikimpendekezea mtu filamu ambayo jina lake halimwambii kitu. Kazi yangu ni kuchagua filamu za kuonyeshwa, yaani kupendekeza ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nimeisikia kwa sauti zote: ya upole, ya kejeli, ya mtu anayetazama simu yake huku nikiongea. Juzi ilikuja imevaa kilemba cha hekima: "Muda huchuja." Hapo nikaona niandike, ili siku nyingine nitume kiungo tu na kunyamaza.

Muda hauchuji kitu. Wanaochuja ni watu: msambazaji aliyefilisika, wakili wa kampuni ya muziki, mkuu wa maabara anayetaka rafu zake zibaki wazi, afisa wa udhibiti, mrithi asiyejua kilichomo kwenye makopo ya marehemu. Katika kikao hicho uzuri wa filamu hauulizwi.

Chukua Killer of Sheep ya Charles Burnett. Aliipiga akiwa mwanafunzi wa UCLA, Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, siku za mwisho wa wiki, mitaa ya Watts huko Los Angeles, kwa mkanda wa milimita 16 usio na rangi, na wengi wa waigizaji wake hawakuwa waigizaji. Stan anafanya kazi machinjioni, hapati usingizi, hana raha hata na mkewe. Hadithi ndiyo hiyo, na wala huhitaji zaidi. Mwaka 1981 ilipata tuzo ya wakosoaji Berlin. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa kitaifa. Sasa niulize ilianza lini kuonyeshwa kibiashara kwenye majumba ya sinema. 2007.

Tatizo lilikuwa nyimbo. Burnett aliijaza filamu muziki wa Wamarekani weusi, kuanzia Paul Robeson hadi Dinah Washington, kwa kuwa ilikuwa kazi ya chuo na hakuna aliyedhani itauzwa. Na wimbo mmoja una wenyewe wawili: mwenye utunzi na mwenye rekodi. Ukielewana na mmoja, wa pili bado anaweza kukugomea, au akataja bei inayopita gharama ya filamu nzima. Ndivyo ilivyokuwa. Filamu iligharimu chini ya dola 10,000. Haki za muziki zikaja kulipiwa takriban dola 150,000. Kumbuka pia kwamba anayesema "lakini ilionyeshwa kwenye matamasha" hajajibu chochote. Ruhusa ya tamasha si ruhusa ya usambazaji. Filamu inaweza kuzunguka kwenye matamasha na vyuo kwa miongo, ikaandikwa vitabuni, na wewe usipate hata mahali pa kuinunua.

Na hata fedha hizo hazikutosha. Wimbo wa mwisho, "Unforgettable" wa Dinah Washington, haukupatikana, kwa hiyo nakala ya 2007 ikamalizia kwa kurudia "This Bitter Earth", wimbo uleule ambao Stan na mkewe wanacheza taratibu sebuleni mpaka Stan anapojitoa mikononi mwake na kuondoka. "Unforgettable" ilirudishwa mahali pake kwenye urejeshaji wa 2025, yaani filamu iliposafishwa na kutengenezwa upya. Kwa hiyo kwa miaka mingi watu walitokwa na machozi mwishoni kwa wimbo ambao mwongozaji hakuuweka pale. Waliona filamu ipi? Na niseme jambo ambalo mtu wa kazi yangu hatakiwi kulisema: ule urudiaji wa lazima nauona una nguvu. Unaifanya ile ngoma ya sebuleni imfuate Stan hadi machinjioni. Uamuzi ni wa Burnett, na najua wimbo sahihi ni upi, lakini masikio yangu hayajakubali.

Sasa geuza upande wa pili. It's a Wonderful Life ya 1946 haikutamba sana sokoni ilipotoka. Mwaka 1974 hakimiliki yake ilipaswa kuhuishwa, na hakuna aliyeihuisha, kwa hiyo ikaonekana haina mwenyewe wa kulipwa. Vituo vya televisheni vya Marekani vikagundua vina filamu ya bure ya msimu wa Krismasi, vikairusha mwaka baada ya mwaka mpaka familia nzima nzima zikaijua kwa moyo. Ni filamu nzuri, sibishi. Lakini kilichoipa umaarufu huo ni fomu ambayo haikujazwa. Ukiniambia "muda huchuja", nitakuuliza: muda upi, ule wa karani aliyesahau?

Wanaotegemea kura nao nina neno nao. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya 1975, ilikuwa ya 36 kwenye kura ya wakosoaji ya jarida la Sight and Sound mwaka 2012. Mwaka 2022 ikawa ya kwanza. Haikuongezwa fremu hata moja. Wapiga kura ndio walioongezeka, kutoka 846 hadi zaidi ya 1,600, na wengine kati yao hawakuwa wamewahi kuulizwa.

Kuhusu zilizopotea kabisa sitasema mengi, maana inaudhi. Filamu bubu ndefu za Marekani, karibu 11,000, zilihesabiwa kwenye ripoti ya Maktaba ya Bunge mwaka 2013: asilimia 70 hazipo tena. Mkanda wa nitrati, uliotumika kupigia filamu za zamani, huungua, huoza, na studio nyingine zilitupa kwa makusudi. Anayeamini kwamba zile zilizobaki ndizo zilizokuwa bora anaamini moto una macho.

Kundi linalonikera zaidi, lakini, ni la "nimeshaiona, ya kawaida tu". Umeona nini hasa? Shatranj-e Baad (Chess of the Wind) ya Mohammad Reza Aslani ilionyeshwa Tehran mwaka 1976, ikapokelewa vibaya, na baada ya mapinduzi ya 1979 ikapigwa marufuku. Kwa miaka mingi kilichozunguka ni kanda za VHS hafifu. Hii ni filamu inayopita ndani ya jumba la matajiri wanaogombea urithi, vyumba vikimulikwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Kila kitu kimo kwenye vivuli, nani kasimama kwenye ngazi, nani anasikiliza nyuma ya pazia. Kwenye VHS vivuli hivyo ni tope jeusi. Ni kama kusoma barua iliyolowa na kumlaumu mwandishi kwa hati mbaya. Mwaka 2014 negativu, yaani mikanda ya awali ambayo nakala hutolewa kwayo, zilikutwa kwenye duka la vitu vya kale Tehran, na urejeshaji ukakamilika 2020. Ghafla wakosoaji wakagundua ni kazi kubwa. Filamu ilikuwa ileile.

Basi mtu akinionyesha nakala ya mtandaoni yenye rangi ya waridi iliyofifia, fremu iliyokatwa pande mbili na manukuu yanayochelewa, halafu akanipa hukumu, sina la kumjibu. Nakala za namna hiyo si dhambi. Mara nyingine ndizo pekee zilizopo, na mimi mwenyewe natazama. Ila uzitazame ukijua ni ushahidi nusu. Ukisema mpangilio wa picha ni mbovu wakati robo ya picha imekatwa, hujasema chochote kuhusu aliyeipiga.

Wapo na wa upande wa pili, wanaoamini kwamba isiyojulikana lazima iwe bora. Hapana jamani. Maghala yamejaa filamu zisizojulikana kwa sababu ni mbovu, ndefu bila sababu, zilizotengenezwa na watu waliokuwa na fedha na hawakuwa na la kusema. Nimezitazama nyingi kwa niaba yenu na sidai shukrani. Na wale ambao huiacha filamu siku inapoanza kupendwa na wengine, sijui niwaite nini.

Shaka yangu ya kweli iko hapa. Filamu iliyookolewa huja na hadithi ya kuokolewa: duka la vitu vya kale, binti aliyeitafuta negativu ya mama yake, kopo lililosahaulika. Hadithi hiyo ni tamu, na inanifanya niipende filamu kabla taa hazijazimwa. Siku hizi sisimulii chochote kabla ya onyesho, nasubiri hadi mwisho, angalau watazamaji wawe huru. Mimi siwezi kuwa huru. Halafu kuna swali la nani anachagua za kuokolewa. Urejeshaji ni ghali, na kiasi kikubwa cha filamu za zamani za Afrika, Asia na Amerika Kusini ninazoweza kuonyesha zimepitia mikono michache: World Cinema Project ya Martin Scorsese, maabara ya Bologna, hifadhi za vyuo kama UCLA. Kazi yao siipingi, bila wao ningeonyesha ukuta mtupu. Lakini ninaposema "hizi ndizo zilizosahaulika", nasema kwa kweli "hizi ndizo zilizosahaulika ambazo mtu fulani alizikumbuka".

Haya, orodha, maana najua umeruka hadi hapa.

Losing Ground ya Kathleen Collins, 1982. Profesa wa falsafa anafanya utafiti kuhusu furaha iliyopitiliza huku ndoa yake na mchoraji ikilegea taratibu. Inachekesha, ina akili, ina rangi za kiangazi. Collins alifariki 1988 bila kuiona ikisambazwa kwenye majumba ya sinema. Binti yake aliirudisha, ikafunguliwa 2015.

Sambizanga ya Sarah Maldoror, 1972. Angola ilikuwa bado chini ya Ureno, kwa hiyo ilipigwa Kongo-Brazzaville. Maria, mtoto mgongoni, anamtafuta mumewe aliyekamatwa, kituo hadi kituo. Wengi husema ni filamu ya mapambano na kuishia hapo. Tazama jinsi kamera inavyompa muda wa kutembea.

Wanda ya Barbara Loden, 1970. Usitafute mtu wa kumpenda ndani yake.

Al-Mummia ya Shadi Abdel Salam, Misri, 1969. Ukoo unaoishi kwa kuuza vitu kutoka kwenye maficho ya miili ya mafarao, na kijana anayepata siri hiyo baba yake anapozikwa. Kiarabu chake ni cha fasihi, mwendo wake ni wa mazishi, na alfajiri zake sijaona mfano. Ndiyo filamu ndefu pekee aliyokamilisha. Nakala iliyorejeshwa ni ya 2009. Nakala nyingine zote ziache.

Na Mirt Sost Shi Amit ya Haile Gerima, Ethiopia, 1976, nyeusi na nyeupe, wakulima na mwenye shamba. Ni saa mbili na nusu. Usiniandikie kuniuliza kama inaanza polepole. Inaanza polepole.