Kidonda cha kulalia hakiletwi na uchafu

Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda akirudi nyumbani Mbagala na kuota kidonda juu ya makalio, lawama humwangukia anayemuuguza: humwogeshi vizuri. Si haki hata kidogo. Kidonda hicho huanza pale mfupa unapoibana nyama kwenye godoro mpaka damu ishindwe kupita, na saa chache tu zinatosha. Aliyekufa ganzi hasikii ule usumbufu unaotufanya wengine tujigeuze usingizini.

Kwa hiyo ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia: ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Weka mto chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Akiwa kwenye kiti cha magurudumu, ainame mbele kila dakika 15 hadi 30 na akae hivyo dakika 1 au 2. Kujiinua kwa sekunde chache hakurudishi damu ya kutosha.

Kagua ngozi asubuhi na jioni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, hivyo tafuta weusi uliozidi, joto au ugumu. Ukiukuta, usisugue, maana nyama ya chini imeshaumia, na usimkalishe kwenye mpira wa duara wenye tundu katikati, unabana nyama inayozunguka hapo. Mwondolee uzito hapo kabisa.

Joto la Dar nalo huchangia: jasho hulainisha ngozi. Ondoa nailoni, tandika shuka la pamba.

Kidonda kikinuka, kikiwa cheusi au homa ikipanda, hospitali siku hiyohiyo.