Feni ya Zamani Juu ya Prosesa Mpya: Yanayosemwa na Yanayopimika

Oktoba iliyopita, jua la Tabora likiwa kali kiasi cha kuwafukuza watu barabarani saa sita mchana, kijana mmoja aliingia karakanani kwangu Isevya akiwa ameshika kipoza (chuma na feni yake vya kuondoa joto) cha Core i7-2600, prosesa ya zamani ya Intel, mkono mmoja na mazabodi mpya, yaani bodi kuu ya kompyuta, ya soketi (kikalio cha prosesa) ya LGA 1700 mkono wa pili. Alitaka nimfungie tu. Feni ni feni, alisema, na matundu yote manne yapo.

Matundu ni manne kweli, lakini hayakai mahali pamoja. Kwenye soketi za kawaida za Intel kuanzia LGA 1156 hadi LGA 1200, tundu na tundu jirani yake hutengana kwa milimita 75. Kwenye LGA 1700, iliyotoka mwaka 2021 pamoja na prosesa za Core za kizazi cha 12, ni milimita 78, na LGA 1851 ya mwaka 2024 imefuata kipimo hicho hicho. Nilimwachia ajaribu mwenyewe. Misumari miwili ya plastiki iliingia ikalia, na miwili ya upande wa pili ikabaki imelala juu ya kingo za matundu yake.

Hapo ndipo baadhi ya mafundi huchukua tupa na kutanua nafasi za miguu, kwa imani kwamba kipoza kikishashika basi kazi imekwisha. Imani hiyo ndiyo inayoharibu zaidi, kwa sababu matokeo yake hayaonekani kwa macho. Uso wa prosesa ya LGA 1700 umekaa chini kuliko wa zile zilizoitangulia kwa takribani robo tatu ya milimita, hivyo springi zilizopimwa kwa kimo cha zamani hugusa bila kukandamiza inavyotakiwa. Anayedhani kwamba pasta nyingi (ule uji mzito wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na kipoza) itaziba upungufu huo anajidanganya: pasta imewekwa kwa ajili ya mikwaruzo na mabonde yasiyoonekana kati ya nyuso mbili zilizobanana, na ingawa ni bora mara nyingi kuliko hewa, bado hupitisha joto kidogo mno ikilinganishwa na shaba. Dawa ni breketi, yaani kishikio cha kufungia kipoza, iliyotengenezwa kwa soketi hiyo, ambayo baadhi ya watengenezaji wa vipoza huiuza peke yake.

Kwa upande wa AMD, mtengenezaji mwingine wa prosesa anayeshindana na Intel, mambo ni nafuu, ingawa si kwa kila kipoza. Soketi ya AM5 ya mwaka 2022 imebakiza nafasi za matundu za AM4, kwa hiyo kipoza kinachofungwa kwenye bamba la nyuma lililokuja na mazabodi huhamia bila shida. Kile kinachodai bamba lake chenyewe hukwama, kwa kuwa bamba la AM5 ndilo linaloshikilia soketi na halikukusudiwa kuondolewa.

Wapo pia wanaokataa kipoza chochote ambacho sakafu yake haifuniki kifuniko chote cha prosesa. Tahadhari hiyo ina msingi, lakini imepitiliza. Prosesa za LGA 1700 zina milimita 45 kwa 37.5, wakati zilizotangulia zilikuwa mraba wa 37.5, ila joto hutoka kwenye kipande cha silikoni kilicho karibu na katikati, na ncha zikibaki wazi kidogo hasara si kubwa. Threadripper, prosesa kubwa ya AMD, ni habari nyingine kabisa: ina milimita 58.5 kwa 75.4, vipande vyake vya silikoni vimetawanywa mbali na katikati, na sakafu ndogo ya mviringo huviacha sehemu nje.

Baada ya yote hayo hubaki wati, yaani kiasi cha umeme ambao prosesa huugeuza kuwa joto, ambazo wanunuzi wengi hawaziulizi. Core i7-2600 iliandikiwa wati 95. Core i9-12900K inaruhusiwa kufikia 241, na hakuna breketi itakayokifanya kipoza cha ile kiibebe hii. Ikumbukwe pia kwamba feni haishushi joto chini ya lile la chumba. Majaribio mengi ya mtandaoni hufanywa katika vyumba vya nyuzi 20 hivi. Chumba cha Tabora mwezi wa Oktoba kikiwa na nyuzi 32, ongeza tofauti hiyo kwenye kila namba unayosoma. Tena mji wetu uko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 11, na feni ileile husukuma hewa pungufu kwa uzito.

Prosesa ya kijana yule ilikuwa Core i5-12400, ambayo kilele chake ni wati 117, na kipoza chake hakikuwa kile chembamba cha kiwandani bali kirefu chenye mabomba manne ya shaba. Aliagiza breketi. Ilipofika tulikifunga, tukakifungua tena tuone alama ya pasta: ilikuwa imesambaa nyembamba katikati yote, ikiacha ukanda mdogo kwenye ncha mbili za prosesa. Tuliifuta, tukaweka nyingine, tukakaza skrubu kwa kupishanisha pembe.