Bale sio ya Wazungu tu jamani

Juzi hapa Mtwara ikapita video ya dada mweusi anacheza bale, ile dansi ya jukwaani ya Wazungu, kasimama kwenye ncha za vidole, jamaa akasema miili yetu haijaumbiwa hiyo kitu. Hapana aisee. Mcheza midimu, ile ngoma ya vinyago ya Wamakonde, kule Newala anayeruka juu ya magongo marefu, balansi ile kaitoa wapi?

Kilichowazuia weusi kucheza bale ni ubaguzi, sio mwili. Raven Wilkinson, dada Mmarekani mweusi, aliingia kundi la bale la Ballet Russe de Monte Carlo 1955, wakizunguka kusini mwa Marekani Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, wakawa wanamsaka mpaka miji mingine ikabidi asipande jukwaani, akaacha kwa muda, lakini baadaye akaenda zake Uholanzi akaendelea kucheza. Misty Copeland naye 2015 ndo akawa mwanamke Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa pale American Ballet Theatre, kundi kubwa la bale la Marekani, 2015 jamani, juzi tu!

Hata viatu vya bale vilikuwa vya pinki kufuata ngozi ya Mzungu, kwahiyo weusi wanakaa na sponji wanavipaka fondesheni ya uso, jozi baada ya jozi, na vinachakaa haraka mno. Freed wa London, watengeneza viatu vya bale, walitoa vya kahawia 2018.