Kwa nini kuna watu wanakesha Tsavo wakikamata ndege na kuwavisha pete?

Je, wajua kwamba kila mwaka Novemba na Desemba kuna watu wanakesha pale lodji ya Ngulia, Tsavo Magharibi kule Kenya, na hawamngojei faru wala chui kama wageni wengine, wao wanangojea ukungu? Ukungu ukishuka na mwezi haupo angani, ndege wadogo wanaanza kutokea gizani mmoja mmoja, baadaye makumi, baadaye mamia, wanazunguka kwenye mwanga wa taa, na hao jamaa wanawakamata kwa nyavu, wanawavisha pete mguuni, wanawapima alafu wanawaachia waende zao. Hakuna anayeliwa na hakuna anayeuzwa. Kazi hii ilianza mwaka 1969, na ndege waliopata pete pale wameshapita laki mbili.

Sasa kwa nini watu wajitese hivyo?

Zamani Ulaya watu walikuwa hawajui kabisa mbayuwayu wanaenda wapi baridi ikiingia. Wapo walioamini, tena wasomi, kwamba wanajifukia kwenye tope chini ya maziwa na kulala humo mpaka joto lirudi. Mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, akapigwa korongo mweupe, kumshika wakakuta ana mshale umepita shingoni, mrefu kama sentimita 80, na ulivyotengenezwa ni mshale wa Afrika. Yaani alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka na huo mshale shingoni mpaka Ujerumani! Bado yupo, amekaushwa na mshale wake, chuo kikuu cha Rostock.

Lakini huwezi kukaa unasubiri korongo aje na mshale. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, akawaza kuwawekea ndege alama yenye anwani. Alianza na pete za zinki zikawa nzito, akahamia aluminiamu ambayo ni nyepesi, na mwaka 1899 akawavisha kwezi 165 pale mjini kwake Viborg, kila pete na namba yake. Wazo likasambaa haraka. Mei 1911 mbayuwayu mmoja akavishwa pete Staffordshire, Uingereza, na Desemba 1912 akakamatwa kwenye nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini, aliyemkuta akasoma pete akaandika barua Uingereza. Pete moja tu na barua moja, na ubishi wa miaka mingi ukaisha.

Turudi Ngulia, maana watu wengi wanauliza kwa nini iwe pale na isiwe Nairobi au Mombasa.

Ndege hawa wanazaliana Ulaya mashariki, Urusi na Asia ya kati. Agosti na Septemba kule kukianza kupoa na wadudu kupungua wanaondoka, wanapita Mashariki ya Kati na Uarabuni, wanavuka Bahari ya Shamu, alafu wengi wanatulia Sudan na Ethiopia kwa wiki nyingi wakila na kunenepa. Mvua za vuli zikishaanza huku ndo wanashuka kusini kupitia mashariki mwa Kenya, na wanasafiri usiku, sababu usiku kuna ubaridi, upepo umetulia, vipanga wamelala, na mchana unabaki wa kutafuta chakula. Usiku wa kawaida wanapita juu huko hakuna anayewajua, mtu amelala zake Mtito Andei na maelfu yanapita juu ya bati lake. Ila Ngulia iko ukingoni mwa mwinuko, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na hewa yenye unyevu kutoka upande wa pwani ikipanda pale usiku inapoa na kugeuka ukungu. Ndege akiingia kwenye ukungu haoni nyota, haoni ardhi, anachokiona ni mwanga wa taa za lodji, taa zilizowekwa wageni waone wanyama usiku, basi anaufuata. Mwezi ukiwepo taa hazivuti hivyo, ndo maana timu inapanga kwenda siku za mwezi mwandamo. Watu kama Graeme Backhurst na David Pearson wameongoza kazi hii miaka na miaka, na wanaojitolea wanatoka nchi mbalimbali, Wakenya wakiwemo.

Wavu wenyewe ni wa nailoni nyeusi, uzi mwembamba sana, urefu wa mita kama 12, unafungwa kati ya fito mbili. Umelegezwa makusudi ili ndege akiugonga asiumie, anadondokea kwenye mkunjo kama mfuko na kubaki humo. Kumtoa ndo kazi yenyewe, unaangalia kwanza aliingilia upande gani, unaanza na miguu, unarudi uzi kwa uzi, ukivuta kwa pupa utamvunja bawa. Kwa hiyo sio kazi ya kila mtu, lazima mtu afundishwe na awe na kibali, na nyavu zinapitiwa kila baada ya muda mfupi, mvua ikianza zinafungwa maana ndege akilowa anakufa kwa baridi.

Akishatolewa anawekwa kwenye kimfuko cha kitambaa, humo gizani anatulia. Mezani anashikwa shingo ikiwa katikati ya vidole viwili, cha shahada na cha kati, mgongo umelala kiganjani, hawezi kujikwaruza na wala humbani. Pete inachaguliwa kwa saizi ya mguu wake, inabanwa kwa koleo yenye matundu ya saizi hizohizo, ikifunga inabaki imelegea inazunguka vizuri. Pete ya ndege mdogo haifiki hata moja ya kumi ya gramu. Bawa linapimwa kwa rula. Manyoya ya bawa yanaangaliwa kama ni mapya au yamechakaa, hapo mtu anajua huyu kazaliwa mwaka huu au ni mkubwa. Alafu kuna kitu mi nakipenda kuliko vyote: mpimaji anampuliza kifuani taratibu, manyoya yanaachana, na ngozi ni nyembamba mno kiasi kwamba unaona ndani moja kwa moja, chini ya koo kuna kishimo, na ndege aliyejiandaa na safari kile kishimo kimejaa mafuta ya njano. Asiye na mafuta ni mwekundu tu, nyama ya kifua. Mafuta hayo ndo mafuta ya safari kwelikweli, wapo ndege wadogo wanaokaribia kuongeza uzito mara mbili kabla ya kuvuka jangwa kubwa. Anawekwa kwenye mizani, namba inaandikwa, anaachiwa.

Na wamejifunza nini? Chukua kandege kamoja ka kahawia, jina lake la kitaalamu ni Acrocephalus palustris, kana gramu kama 12, ukikaona kichakani hukageukii mara mbili. Data za Ngulia zimesaidia kuonyesha kwamba kanaondoka Ulaya Agosti lakini Kenya kanapita Novemba na Desemba, kumbe katikati hapo kalikuwa Sudan na Ethiopia, na kutoka Kenya bado kanasonga mpaka kusini mwa Afrika. Tena kanaiga sauti za ndege wengine. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire mwaka 1979 alionyesha kwamba dume mmoja kwa wastani anaiga sauti za spishi 76, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Yaani mtu amekaa Ubelgiji anasikiliza ndege wa bondeni kwake, kumbe anaimbiwa sauti za vichaka vya huku. Pale Ngulia pia hunaswa ndugu yake anayezaliana kwenye mabwawa ya kusini mwa Iraki, hao ni wachache, na ukijua mabwawa yale yalivyokaushwa miaka ya 90 utaelewa kwa nini kila mmoja anayenaswa anaandikwa kwa makini.

Wengi wanauliza si wawafunge GPS tu? Ndege wa gramu 12 huwezi kumbebesha mzigo. Vifaa vidogo sana vipo ila ni ghali, na vingi inabidi umkamate tena ndege yuleyule ndo usome data. Pete ni ya bei rahisi, unaweza kuvisha maelfu, na ni ya maisha.

Ubaya wake, pete haisemi kitu mpaka mtu aione. Kwa ndege wadogo unaweza kuvisha mia kadhaa na asirudi taarifa hata mmoja. Inaniuma sana hii, sababu najua watoto wanawapiga mbayuwayu kwa manati, paka wanaleta ndege uani, pete zinaonekana na kutupwa au zinageuzwa urembo, watu wengine wanaogopa kabisa wanadhani ni mambo ya uchawi au ndege kibarua wa majasusi. Sio.

Ukikuta ndege amekufa na ana pete, andika namba yote na maneno yote yaliyoko juu yake, za Kenya zinaitaja makumbusho ya Nairobi, nyingine utakuta Moskwa, Praha, Helgoland ya Ujerumani au Safring ya Afrika Kusini, hivyo ni vituo vinavyotoa pete. Piga picha ya pete na ya ndege. Andika mahali, kijiji na wilaya, tarehe, na amekufaje kama unajua, hata kama ni paka au manati sema tu. Kama ni mzima soma namba umuachie nayo, usiitoe. Peleka taarifa makumbusho ya taifa ya nchi yako au kituo kilichoandikwa kwenye pete, wao watakutafutia alivishwa wapi na lini, na majibu huwa wanakutumia na wewe.