Msimu wa futiboli ya vyuo Marekani: bingwa anapatikanaje pasipo msimamo wa ligi?

Mwaka 2023 timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Florida State ilishuka dimbani mara 13 na mara zote 13 ikatoka na ushindi. Usiku wa Desemba 2 ilinyanyua kombe la konferensi yake. Kesho yake mchana ikatangazwa kwamba haimo katika timu nne zitakazowania ubingwa wa taifa, na nafasi ya mwisho imekwenda kwa Alabama, ambayo ilishafungwa mechi moja. Shabiki wa Simba au Yanga akisikia hayo atauliza swali moja tu: kwani msimamo wa ligi unasemaje?

Msimamo huo haupo, na hapo ndipo msimu wa mchezo huu unapotofautiana na misimu tuliyoizoea.

Futiboli yenyewe ni ile ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mpira uliochongoka ncha mbili, na wanaoicheza hapa ni wanafunzi. Daraja la juu lina vyuo zaidi ya 130. Kwa kuwa ni mchezo wa kugongana, miili haihimili mechi mbili kwa wiki. Kila timu hucheza mara moja, aghalabu Jumamosi, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba, na mechi zake za kawaida ni 12 basi. Piga hesabu: wapinzani zaidi ya 130, unakutana na 12. Tena hao 12 hawana uzito mmoja. Ni jambo la kawaida chuo kikubwa kukilipa chuo kidogo kije kucheza ugenini, kifungwe, kirudi kwao na fedha za kuendeshea idara yake ya michezo.

Vyuo vimejigawa katika makundi yaitwayo konferensi. Zamani konferensi ilikuwa umoja wa majirani. Florida State iko ACC, kundi ambalo jina lake linataja pwani ya Atlantiki, ila tangu 2024 Stanford ya California nayo imo, na California iko Pasifiki. Fedha za televisheni hazisomi ramani. Ndani ya konferensi kubwa msimamo upo, na timu mbili za juu hukutana kwenye fainali mwanzoni mwa Desemba. Ndiyo mechi ya 13. Lakini bingwa wa konferensi moja na bingwa wa nyingine wanaweza kumaliza msimu bila kuonana hata mara moja.

Hakuna pointi tatu za ushindi wala moja ya sare. Sare zilifutwa mwaka 1996. Mkilingana muda ukiisha, mnaendelea mpaka mmoja ashindwe. Timu basi inabaki na rekodi, yaani ushindi kwanza, vipigo baadaye: 13-0, 12-1, 6-6. Mwenye ushindi sita huhesabiwa kuwa amevuka, anaweza kualikwa kwenye mojawapo ya mechi za heshima za Desemba na Januari. Kuhusu nani bora nchi nzima, rekodi haimalizi ubishi, kwa sababu 12-1 ya aliyepambana na vigogo inaweza kuzidi 13-0 ya aliyecheza na vibonde.

Kwa hiyo lazima watu wakae waamue. Tangu 1936 shirika la habari la AP limekuwa likikusanya kura za waandishi wa michezo kila wiki ya msimu. Makocha nao walikuwa na kura yao. Mwaka 1997 waandishi wakaipa Michigan ubingwa, makocha wakaipa Nebraska. Zote mbili hazikuwa zimepoteza mechi, hazikucheza pamoja, na kila moja inahesabu taji hilo kuwa lake hadi leo. Kuanzia msimu wa 2014 kazi hiyo ikapewa kamati ya watu 13 iliyochagua timu nne za kucheza mtoano. Kamati hupima rekodi, ugumu wa ratiba, nani kamfunga nani, nani bingwa wa konferensi. Na kanuni zake zinairuhusu kuangalia kama kukosekana kwa mchezaji muhimu kutaiathiri timu huko mbele.

Kifungu hicho ndicho kilichoiponza Florida State.

Msimu wao ulianza kwa kuichapa LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, 45-24 mjini Orlando. Wakaifunga Clemson 31-24 ugenini, katika muda wa nyongeza. Aliyekuwa akiiongoza timu ni Jordan Travis, kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira kila shambulizi linapoanza na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao mwenyewe. Novemba 18 walicheza nyumbani na North Alabama, timu ya daraja la chini, mmoja wa wale wageni niliowataja. Travis alikimbia na mpira, akaangushwa, mguu ukavunjika. Timu ilikuwa nyuma 13-0, ikageuza na kushinda 58-13. Wiki iliyofuata, na kwotabeki wa akiba, wakawafunga watani wao wa jadi, Chuo Kikuu cha Florida, 24-15, lakini huyo naye akaumia kichwa. Fainali ya ACC dhidi ya Louisville aliianza kijana wa mwaka wa kwanza, na safu ya ulinzi ikambeba: 16-6.

Siku hiyohiyo Alabama iliifunga Georgia 27-24, Georgia iliyokuwa imeshinda mechi 29 mfululizo. Huwezi kuiacha Alabama baada ya ushindi huo, kamati ikaona. Lakini Alabama ilishafungwa Septemba na Texas, 34-24, nyumbani kwake, kwa hiyo ukiichukua Alabama lazima uichukue na Texas. Michigan na Washington zilikuwa hazijafungwa. Nne zikajaa. Travis aliandika mtandaoni kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, watu wapate kuona kwamba timu ile haikuwa yeye peke yake.

Kwa maoni yangu kamati ilikosea. Iliamua juu ya mechi ambazo hazijachezwa na kuzipa uzito kuliko 13 zilizochezwa. Wanaoitetea hukumbusha kwamba Desemba 30, kwenye Orange Bowl, mojawapo ya zile mechi za heshima, Georgia iliikung'uta Florida State 63-3. Lakini wachezaji wengi wa Florida State waligoma kucheza mechi isiyo na kombe la maana, wengine wakilinda miili yao kwa ajili ya ligi ya kulipwa, wengine wakihamia vyuo vingine. Kipigo kile kilikuwa cha timu nyingine yenye jezi zilezile.

Msimu uliofuata mtoano ulipanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa konferensi wenye nafasi za juu zaidi wakahakikishiwa kuingia. Florida State yenyewe haikuhusika. Ilishinda mechi mbili tu kati ya 12. Safari hii aliyelalamika ni Alabama: kamati iliiweka ya 11, lakini Clemson, ya 16, ilikuwa bingwa wa ACC, ikaingia, na Alabama ikabaki nje. Ohio State ilikuwa imefungwa na Oregon kwa pointi moja, kisha na mahasimu wake Michigan 13-10, nyumbani, na kamati ikaipanga ya sita. Kwa mtoano wa timu nne msimu wake ungeishia hapo. Januari 20, 2025, mjini Atlanta, iliifunga Notre Dame 34-23 na kuwa bingwa wa taifa.