Kilomita tupu na hatima ya gari la nyumbani

Kilomita tupu ni umbali ambao gari la abiria linatembea bila abiria, likimfuata mtu au likitoka kumshusha. Dereva wa teksi anazijua vizuri: mafuta yanaungua, tairi zinalika, na hakuna anayelipa. Gari linalojiendesha halidai mshahara, lakini kilomita hizo ziko palepale.

Mjini hazisumbui sana, kwa sababu abiria akishuka, mwingine anasubiri mtaa wa pili. Huduma ya teksi zinazojiendesha ya Waymo, ambayo mwaka 2020 ilianza kupakia umma eneo la Phoenix, Marekani, bila mtu nyuma ya usukani, imeendelea kupanuka kwenye miji mikubwa.

Sasa chukua nyumba iliyo peke yake, kilomita 20 kutoka magari yanapoegeshwa. Mwenyeji anataka kwenda zahanati, kilomita 5 mbele zaidi. Gari linakuja kilomita 20 tupu, linambeba 5, linarudi 25 tupu. Arobaini na tano kwa ajili ya tano, na nauli lazima izibebe zote. Hata likikimbia kilomita 60 kwa saa, atangoja dakika 20. Kwa mama aliyeshikwa na uchungu, hizo ni nyingi mno.

Ndiyo maana naamini watu wa vijijini hawataacha kumiliki magari, watapunguza idadi. Familia yenye magari mawili, kwa kuwa wawili huondoka asubuhi kila mmoja na njia yake, inaweza kubaki na moja: linampeleka wa kwanza, linarudi lenyewe, linamchukua wa pili. Kilomita tupu zipo, ila gharama yake ni mafuta na tairi tu, na gari la pili halinunuliwi.

Anayenigusa zaidi ni mzee ambaye macho yamemzuia kuendesha. Pasipo basi, anashinda ndani hadi jirani apite. Gari linalojiendesha lingemtoa.

Lakini magari ya sasa yasiyo na dereva ni ya ngazi ya 4 kati ya zile za kujiendesha zilizowekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari, zinazoanzia 0 hadi 5: yanajiendesha ndani ya eneo lililoandaliwa tu, mara nyingi kwa ramani iliyopimwa kwa makini. Kampuni hupima kwanza penye nauli nyingi. Njia ya vumbi isiyo na mistari, yenye nyumba sita, inabaki mwisho wa foleni.