Bampa la chuma la nyuma: bolti hukazwa mwisho

Wateja wanaoniletea bampa la chuma la kufunga nyuma ya Prado au Land Cruiser huuliza kama kazi itaisha kabla ya mchana. Kulipachika bampa si kazi ndefu. Muda unakwenda kwenye kulipanga, na hapo ndipo unapojua kama litakaa vizuri au litakwangua rangi chini ya taa.

Bampa hili linashikwa na chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, wakati bodi ya gari imekalia raba juu ya chesisi hiyo. Ukiingia rafu rodi, bodi inacheza na bampa halichezi nayo. Kwa hiyo lazima pawe na nafasi. Mimi sishuki chini ya milimita 10, na gari linalobeba mzigo mzito kwenda porini naliachia hadi 15. Najua wapo wanaotaka libane kama lile la kiwandani, lakini lile ni plastiki iliyoshikwa na bodi yenyewe, vinacheza pamoja.

Kabla ya yote, kagua hizo raba. Magari yetu mengi hapa Dar yalishatumika miaka mingi Japani kabla ya kushushwa bandarini, na raba zimebonyea, mara nyingi upande mmoja zaidi. Unafunga bampa sawasawa na chesisi, ukirudi nyuma hatua chache unaliona limelala upande. Kuna mafundi wanaongeza washa, vile visahani vya chuma vya kwenye bolti, mpaka jicho liridhike. Sikubaliani nao hata kidogo. Badilisha raba kwanza, maana ukija kuzibadilisha baadaye bodi itanyanyuka na bampa litaonekana limelala upande wa pili.

Matundu ya kufungia huwa marefu kidogo ili bampa lisogezeke. Tia bolti zote, nati zungusha kwa mkono tu. Kisha toa jeki, gari lisimame kwa matairi yake kwenye sakafu iliyo sawa. Kama bampa lina mkono wa kubebea tairi la spea, funga spea wakati huohuo. Tairi la 265/65R17 na rimu yake ni karibu kilo 30, na mkono ukishabeba uzito huo unashuka kidogo. Ukipanga komeo la kuufunga mkono huo ukiwa mtupu, siku ya kuweka spea komeo halitaingia.

Kupima natumia kipande cha mbao cha unene wa milimita 10. Nakipitisha polepole kutoka kona ya kushoto, chini ya taa, chini ya mlango, hadi kona ya kulia. Kikikwama, nagonga bampa kwa nyundo ya raba na kurudia upya. Halafu vijana wawili wanapanda juu yake na kulichezesha, mimi nimechuchumaa natazama zile kona. Angalia na bomba la ekzosi pia, lisiguse chuma likichezacheza.

Ndipo unakaza, kwa kupokezana kushoto na kulia. Kama bampa limekuja na maelekezo, fuata vipimo vyake. Kama hayapo, bolti ya M12 (unene wa milimita 12) ya daraja la ugumu 8.8 inakazwa takribani Nm 80 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya M10 takribani 45. Tundu likigoma, lipanue kwa tupa. Moto wa gesi usiusogeze huko, tanki la mafuta liko jirani. Na kila sehemu uliyokwangua ipake rangi ya zinki kabla bolti haijaingia, kwa sababu chumvi ya bahari kuanzia Masaki hadi Kigamboni haisubiri.

Wengi husahau uzito. Prado ya toleo la 120, ya milango mitano, ina milimita 2,790 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Bampa la kilo 60 likikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inaongezewa kilo 81 hivi, na ya mbele inapunguziwa kama 21. Springi zilizochoka zitalala na taa kubwa zitamulika macho ya wanaokuja mbele yako, kwa hiyo zirekebishwe siku hiyohiyo. Taa ya namba nayo iwake, na spea isizibe namba.

Mwisho napiga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Ukirudi safari yako ya kwanza ya rafu rodi, ingia chini na tochi: mstari uliokatika maana yake nati imezunguka, ikazwe tena.